Jeki ni ya kuinulia lori, si ya kumlindia fundi

Msimu wa nyanya ukifika, barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro hadi Dar es Salaam hujaa malori yaliyopakia matenga. Anayepita kati ya Ilula na mteremko wa Kitonga si ajabu akakuta lori limeegeshwa pembeni, matawi ya miti yametandazwa barabarani kuwa alama, na miguu miwili imetokeza chini ya boksi. Miguu hiyo ni ya fundi au ya utingo. Kichwa chake na kifua chake viko chini ya tani kadhaa za chuma na nyanya. Ukiinama kutazama kinachozuia tani hizo zisimshukie, mara nyingi utaona jeki moja, na chini ya jeki hiyo jiwe.

Pembeni amesimama mwenye mzigo, simu iko sikioni. Dalali wa sokoni anamwambia bei inashuka. Anakata simu, anainama na kuuliza: "Bado tu?"

Kwa maoni yangu, swali hilo ni la hatari kuliko jeki mbovu. Mtu aliyelala chini ya lori hana uamuzi mwingi. Vifaa alivyonavyo ni vile alivyonunuliwa, na muda alionao ni ule aliopewa. Wanaoamua mambo hayo mawili ni mwenye lori na mwenye mzigo, yaani wengi wetu tunaosoma kurasa hizi. Ndiyo maana nasema suala la kulitegemeza lori vizuri kabla mtu hajaingia chini yake si suala la mafundi peke yao. Ni suala la mkulima na mfanyabiashara.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Kwa ajali nyingine labda ni kweli. Lakini hii ya lori kumwangukia mtu aliye chini yake ina kinga inayojulikana, inauzwa madukani, na inabebeka ndani ya lori lenyewe.

Kazi ya jeki

Tuanze na jeki. Jeki ya mafuta ambayo madereva wengi wanayo ni chupa ya chuma yenye pistoni. Ukipampu, mafuta yanasukuma pistoni juu na lori linapanda. Kinachoizuia pistoni isishuke ni mafuta hayo, vali ndogo na mpira unaozuia mafuta yasivuje. Uchafu kidogo ukiingia kwenye vali, lori linaanza kushuka polepole bila mtu kugundua. Mpira ukipasuka, halishuki polepole. Linakuja mara moja.

Hata jeki ikiwa nzima, kitako chake ni kidogo kama kiganja cha mkono. Kichwa chake kinagusa ekseli kwa eneo dogo zaidi. Lori likisogea kidogo tu mbele au nyuma, jeki inalala. Haihitaji kuharibika ili iue. Inatosha ilale.

Kwa sababu hiyo, jeki ni chombo cha kuinulia. Si chombo cha kushikilia lori wakati mtu yuko chini. Kazi ya kushikilia ni ya stendi za chuma, zile zenye miguu mipana ambazo husimamishwa chini ya ekseli au chini ya chasisi, kisha lori likashushwa na kukaa juu yake. Stendi haina mafuta wala mpira. Ina chuma na pini, na kitako chake ni kipana.

Breki ya mkono hudanganya

Hapa kuna jambo ambalo hata madereva wa siku nyingi hawalijui. Malori mengi madogo na ya kati ya Kijapani, yale tunayoyatumia kutoa mazao shambani, yana breki ya mkono iliyofungwa nyuma ya gia boksi. Breki hiyo haibani tairi. Inabana propela.

Sasa fikiria umeinua tairi za nyuma za upande mmoja. Difu imetengenezwa ili tairi za kulia na kushoto ziweze kuzunguka kwa mwendo tofauti. Tairi ya upande mmoja ikiwa hewani, inaweza kuzunguka kwenda nyuma huku ile iliyo chini ikizunguka kwenda mbele, na propela ikabaki imetulia tuli. Maana yake, lori linaweza kutembea na kudondoka kutoka kwenye jeki wakati breki ya mkono imevutwa na gia imeingizwa. Dereva ataapa kwamba aliweka breki, na atakuwa anasema kweli.

Na kama kazi yenyewe ni kufungua propela au shafti za pembeni, basi breki hiyo haipo kabisa, wala gia haisaidii kitu.

Malori makubwa yenye breki za upepo yana mpangilio mwingine. Breki yake ya kuegesha hubana tairi za nyuma kwa nguvu ya springi. Lakini ekseli hiyo ikishainuliwa, au breki zikishalegezwa ili zifanyiwe kazi, nguvu hiyo haisaidii tena. Kwa hali zote mbili kinachoweza kulizuia lori lisisogee ni kabari kwenye tairi zilizobaki ardhini, mbele na nyuma ya tairi, kulia na kushoto.

Nasema kabari, si mawe. Jiwe la mviringo huteleza au kuzunguka. Isitoshe, sote tunafahamu kinachotokea lori likishapona. Dereva anaondoka, mawe yanabaki barabarani, na usiku mwendesha pikipiki anayavaa. Kabari nne za mbao ngumu, zilizotobolewa na kufungwa kamba ya kushikia, hukaa chini ya kiti na kurudi chini ya kiti.

Tofali huvunjika bila taarifa

Wapo wanaosema hawana stendi lakini wanaweka matofali. Tofali la saruji limetengenezwa kujenga ukuta, ambako uzito unasambaa sawasawa na hausogei. Ukiliweka chini ya ekseli, uzito wote unakaa kwenye sehemu ndogo, na ekseli ni ya mviringo. Tofali lenye matundu ni baya zaidi. Saruji haipindi wala haitoi onyo. Inapasuka papo hapo. Vivyo hivyo kwa tofali la kuchoma na kwa jiwe lenye ufa usioonekana.

Mbao ni tofauti. Mbao nzito ikielemewa hubonyea na kulia kabla ya kuachia. Ndiyo maana watu wa uokoaji duniani kote hutumia vipande vya mbao kutegemeza magari na majengo. Mkulima ambaye hajaweza kununua stendi anaweza kwenda kwa seremala akakatiwa vipande vya mbao ngumu vya inchi 4 kwa 4 au zaidi, vyenye urefu wa futi 2 hivi. Vinapangwa viwili kwa viwili vikipishana, kama mtu anayejenga kichanja, hadi vifike chini ya ekseli. Kimo cha rundo kisizidi upana wa kitako chake. Vipande vilivyooza, vyenye ufa au vilivyopakwa grisi havifai.

Stendi za kuchomelewa mtaani nazo tuwe waangalifu nazo. Fundi wa kuchomelea anaweza kuwa hodari wa mageti na madirisha. Lakini stendi ambayo hakuna aliyepima uzito inaoweza kubeba ni kamari, na anayechezewa kamari hiyo ni mtu aliyelala chini.

Fanya hesabu ya uzito

Mfanyabiashara mzuri hajui bei tu, anajua na uzito. Chukua lori la kati ambalo likiwa tupu lina tani 5. Limepakia gunia 80 za mahindi za kilo 100, ambazo ni tani 8. Jumla ni tani 13. Tuseme tani 9 kati ya hizo ziko kwenye ekseli ya nyuma. Kila upande wa ekseli unabeba tani 4 na nusu. Anayeinua upande mmoja kwa jeki ya tani 5 amebakiza nafasi ndogo sana.

Sasa weka lumbesa, ambayo serikali imekuwa ikiipiga marufuku kwa miaka mingi na bado ipo. Gunia ikiwa na kilo 130 badala ya 100, gunia 80 zinaongeza tani 2 na kilo 400. Sehemu kubwa inaishia nyuma. Jeki ile ile ya tani 5 sasa inainua zaidi ya uwezo wake, na utingo hajui, kwa sababu aliyejaza gunia hakumwambia. Lumbesa humwibia mkulima, na huku barabarani inamweka fundi kwenye hatari.

Kwa hiyo soma namba iliyoandikwa kwenye jeki na kwenye stendi. Kwenye stendi soma vizuri zaidi, kwani baadhi ya watengenezaji huandika uzito ambao stendi mbili hubeba kwa pamoja, si kila moja. Ikiwezekana, punguza mzigo kwanza. Kushusha gunia au matenga kunachosha, lakini lori tupu ni rahisi kuinua na ni rahisi kulishikilia.

Utaratibu wenyewe

Utaratibu si mrefu. Mwenye lori ausome, kisha auweke kwenye kabini.

Kwanza, tafuta mahali tambarare na pagumu. Kama lori linaweza kujikokota mita 200 kufika penye ardhi ngumu, lijikokote. Mteremko si mahali pa kuingia chini ya lori. Kwenye udongo laini, weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Pili, weka kabari kwenye tairi zinazobaki chini. Zima injini, toa ufunguo, na ufunguo huo akae nao yule anayeingia chini. Asibaki mtu kabini.

Tatu, legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Anayening'inia kwenye spana yenye bomba wakati lori liko juu ya jeki anaitikisa jeki hiyo hiyo inayolishikilia.

Nne, inua, kisha weka stendi pande zote mbili. Kwa kazi ya tairi au breki, stendi zikae chini ya ekseli. Kwa kazi ya springi, zikae chini ya chasisi, kwa sababu springi ikifunguliwa ekseli na boksi vinaachana.

Tano, shusha lori likae juu ya stendi. Jeki iache pale pale ikigusa, iwe mlinzi wa pili. Tairi uliyoitoa ilaze chini ya chasisi, iwe mlinzi wa tatu.

Sita, kabla mtu hajaingia, lisukume lori kwa nguvu kutoka ubavuni. Kama litacheza, afadhali licheze wakati watu wote wako nje.

Saba, asiingie mtu chini peke yake kusikokuwa na mwingine. Abaki mmoja nje, mwenye simu, asiyefanya kazi nyingine. Na iwepo jeki ya pili. Mtu akibanwa, halivutwi lori wala havutwi mtu; lori linainuliwa na kutegemezwa upya, huku msaada ukiitwa.

Mwenye tipa aongeze na hili. Boksi lililoinuliwa linashikiliwa na mafuta kama jeki. Mpira wa mafuta ukikatika, au mtu akigusa mkono wa kushushia, boksi linashuka lote. Asiingie mtu chini yake mpaka boksi liwe tupu na nguzo ya usalama iwe imesimamishwa. Tela za trekta zinazomwaga mzigo zina hatari hiyo hiyo, na shambani watoto hupenda kucheza karibu nazo. Kabini ya kupinduliwa nayo ifungwe kwa komeo lake kabla ya mtu kuweka kichwa kwenye injini.

Nani alipe?

Najua yatakayosemwa. Fundi mmoja atasema amefanya kazi hii miaka 20 kwa jeki na mawe na hajaumia. Namwamini. Lakini aliyeumia hayupo kijiweni kutusimulia. Tunaosikia ni wale waliobahatika, na tunachukua bahati yao kuwa ujuzi.

Mwingine atasema stendi ni nzito na zinakula nafasi ya mzigo. Stendi mbili na vipande vya mbao vinakaa kwenye sanduku la vifaa. Uzito wake haufiki wa gunia moja la mahindi.

Wa tatu atasema ni ghali. Ninachomwomba ni kwamba aende kwenye duka la spea aulize bei ya stendi mbili za lori, kisha aulize bei ya tairi moja mpya ya lori hilo hilo. Tairi itaisha na atanunua nyingine. Stendi akizitunza zitamtumikia miaka mingi. Wakulima wenye chama cha ushirika wanaweza kununua seti moja ikae ghalani, kwa ajili ya malori yanayokuja kupakia na matrekta ya wanachama. Lori likiharibikia kijijini, stendi zinaazimwa kwa kuandikishwa kwenye daftari, kama tunavyoazima mizani.

Sheria nayo haimsemi fundi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamweka mwajiri mbele kama mwenye wajibu wa kuhakikisha mazingira ya kazi ni salama. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na waajiri wa Tanzania Bara wanatakiwa kujisajili na kuchangia. Lakini ni wamiliki wangapi wa lori moja au mawili wanaomchukulia utingo kuwa mwajiriwa? Anaitwa "kijana wangu". Hana mkataba, analipwa kwa safari. Akiumia, mwenye lori anachanga nauli na pesa ya hospitali, kisha anatafuta kijana mwingine. Familia ya yule wa kwanza inabaki na mlemavu, au na kaburi.

Hata anayetazama fedha tu hapati faida hapo. Lori lililomwangukia mtu halifiki sokoni siku hiyo. Polisi watakuja, mzigo utakaa, nyanya zitavunda, na dereva atatoa maelezo. Saa moja aliyotaka kuokoa mwenye mzigo itageuka kuwa siku nyingi.

Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha ufundi wa magari, na vina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mtaani. Huko ndiko kwa kumpeleka fundi wako wa siku zote. Lakini cheti hakitamsaidia akifika porini akakuta ndani ya lori kuna jeki moja na kamba.

Ombi langu kwa wasomaji wa kurasa hizi ni mambo mawili. Mwenye lori, kabla ya safari ijayo fungua sanduku la vifaa uhesabu: jeki mbili, stendi mbili, kabari nne, ubao mpana. Kinachokosekana kinunue wewe, usimwachie utingo. Mwenye mzigo, unapokodi lori uulize vifaa hivyo kama unavyouliza turubai, kwa sababu siku likiharibika ni mzigo wako utakaokuwa juu na mtoto wa mwenzako atakayekuwa chini.

Na ukijikuta umesimama kando ya barabara, simu sikioni, bei inashuka huko sokoni na miguu ya mtu imetokeza chini ya boksi, badilisha swali. Usiulize "Bado tu?" Uliza: "Umeweka stendi?" Kama hajaweka, mwambie atoke kwanza.